Mapazia ya Wifi Kule Juu

Mama Pazia ana wivu, na sisemi hivi kwa kumsengenya, maana mwenyewe hulisema mbele za watu. "Mimi nina wivu wangu wa halali," huwaambia wateja, pini akiwa amezibana midomoni. "Siibi, silogi, ila vya watu vinaniuma." Majirani tumeshamzoea. Ukinunua sufuria mpya, mwonyeshe mapema ili aumie, amalize, muendelee na maisha. Ukimficha ndipo inakuwa kesi.

Mimi na yeye tunagawana ukuta mmoja. Upande wake kuna chumba cha mbele alichokigeuza kuwa karakana ya mapazia, mlango wake unafunguka moja kwa moja mtaani. Kuna meza ndefu ya kukatia, cherehani ya umeme, cherehani ya miguu kwa siku umeme unapokatika, na mabunda ya vitambaa yaliyoegemezwa pembeni kama wageni waliokosa viti. Upande wangu ni mimi na pasi. Mapazia yote anayoshona nayapiga pasi mimi, na siku ya kwenda kuyatundika nyumbani kwa watu, anayeshika ngazi ni mimi. Kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyasikia kupitia ukutani au nimeyaona nikiwa chini ya ngazi.

Kazi yake anaijua, hilo hata adui yake hawezi kulikana. Lakini imemtia tabia moja ya ajabu: nyumba za watu anazisoma kwa madirisha tu. Sakafu haioni, paa halioni, anayeishi humo hamtazami sana. Akipita barabarani hutembea kichwa kimeinuka, midomo inacheza: "Hawa wana hela, wametia bitana. Hawa wanajikaza, hilo shuka. Hawa wamegombana, pazia la chumbani limetundikwa kwa misumari." Mara nyingi hupatia, na kupatia huko ndiko kumemvimbisha kichwa akaamini kwamba kila pazia linasema kweli.

Mumewe ni fundi umeme. Tunamwita Bwana Fyuzi, kwa sababu mazungumzo yakipata joto yeye hukata. Hana ugomvi na mtu. Akirudi kazini huvua viatu, huketi kwenye kiti chake karibu na mlango wa ndani, hunywa chai yake taratibu mpaka imalizike, na hapo katikati hata nyumba ikiungua itabidi isubiri.

Bwana Fyuzi ana dada mmoja, mdogo wake. Huyo ndiye wifi. Alipokuwa chuoni alikaa nao hapa hapa, na Mama Pazia ndiye aliyemnunulia viatu vya kwanza vya kisigino na kumtembeza navyo uani akimshika mkono ili asianguke. Walipendana wale. Walikuwa wakicheka mpaka nagonga ukuta niwanyamazishe. Kisha wifi akaolewa na injinia, mtu mpole anayefanya kazi mbali na kurudi nyumbani kwa msimu, na wakanunua nyumba Kule Juu.

Kule Juu ni mtaa ulioko mlimani nyuma ya geti. Barabara zake hazina shimo, kila nyumba ina ukingo wa maua, na ukifika hapo hata sauti yako mwenyewe unaishusha bila kuambiwa. Habari za nyumba hiyo zilipofika kwetu, Mama Pazia alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ulisimama katikati.

"Yule?" akaniuliza. "Niliyemfundisha kukaanga yai?"

"Riziki, jirani," nikamwambia.

"Riziki ndiyo, sikatai. Lakini riziki nayo ina macho. Mimi hapa haikuniona?"

Tuliitwa kwenda kupima madirisha. Getini mlinzi alitutazama, akaitazama na ngazi juu ya gari tulilokodi.

"Mafundi subirini pembeni, nipige simu kwanza."

"Mimi si fundi," akasema Mama Pazia. "Mimi ni wifi wa mwenye nyumba."

"Na ngazi hiyo?"

"Ngazi ndiyo ya fundi. Mimi ni wifi."

Nilicheka mpaka machozi, naye akanifinya paja. Tulisubiri juani mpaka simu ikapokelewa, na nilimwona jinsi alivyokaza shingo kila gari la maana lilipopita bila kuulizwa neno.

Wifi alitupokea kwa kelele za furaha, akatukumbatia wote wawili, akatutembeza kila chumba. Mama Pazia alikuwa anaitikia "hongera, wifi, hongera" kwa sauti iliyokauka. Tulipofika sebuleni hata hiyo hongera ilimwishia. Dirisha lilikuwa ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi darini. Fundi wa mapazia anaishi akiota dirisha kama lile. Nilimwona akimeza mate. Alikwenda akakigusa kioo kwa kiganja, kisha akatoa futi yake, akapanda ngazi na kuanza kupima, na nikajua moyo unamuuma.

Akiwa na futi mkononi Mama Pazia huona fremu, fimbo na sakafu. Kilichoko nje ya kioo hakimhusu. Mimi chini ya ngazi sikuwa na kazi ya macho, nikatazama nje, nikaona nyumba ya pili iko karibu kabisa, ina dirisha kama hilo hilo, na nyuma yake amekaa mtu na kikombe anatutazama bila haya. Nikamtolea tabasamu. Hakurudisha. Nikasema moyoni, huenda ndivyo wanavyoishi.

Mapazia yale yalimchukua muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kumwona akiifanya. Kitambaa kizito cha rangi ya zambarau iliyoiva, bitana nyeupe, pindo pana lililoshonwa kwa mkono. Alikuwa anayashona na kuyachukia. Usiku nilikuwa nalala, lakini mchana kutwa nilimsikia akiguna kule ng'ambo ya ukuta: "Na hili nalo, la kwake." Tulipoyatundika, wifi alilia kwa furaha, akasema hajawahi kuona kitu kizuri hivyo. Mama Pazia akajibu kwamba dirisha likiwa zuri hata gunia hupendeza.

Basi ikawa kila tukienda kumtembelea, tunakuta yamefungwa. Saa za mchana, jua kali nje, yeye ndani amewasha taa na mapazia yameshuka mpaka chini. Mara ya kwanza Mama Pazia alinikonyeza. Mara ya pili alishindwa kujizuia, na tulipokuwa tunashuka mlima akalipuka.

"Unaona maringo hayo? Ameyafunga mchana kweupe ili kila anayeingia ayaone yalivyojaa. Anachoma umeme kwa ajili ya kuonyesha mapazia! Na mimi ndiye niliyemshonea, kichaa mimi."

"Labda jua linamkera."

"Jua la Kule Juu halikeri mtu. Linaomba ruhusa getini."

Hapo ndipo wivu wa halali ulipoacha kuwa wa halali. Alianza kuiona nyumba yake mwenyewe kwa jicho baya. Ukuta wetu ukawa mwembamba, mtaa ukawa na vumbi. Watu waliokuwa wakipita mlangoni na kumwita, "Mama Pazia, umeamkaje?" wakawa kelele. Zamani alikuwa anawajibu wote bila kuinua mguu kwenye cherehani, anajua nani anaumwa, mtoto wa nani kafaulu, nani kaacha ufunguo wake pale kwake ili mumewe aukute. Sasa akaanza kujibu kwa kichwa tu. Na dalali mmoja wa nyumba, ambaye ana pua kuliko paka, akanusa.

Dalali alikuja na habari kwamba kuna nyumba inauzwa Kule Juu, mstari wa nyuma, ndogo kidogo kuliko ya wifi lakini ndani ya geti lile lile. Alituchukua Jumapili asubuhi kwa gari lake, muziki laini, barabara nyeupe haina hata baiskeli. Nyumba ilikuwa tupu, ila mwenyewe aliyehama alikuwa ameacha mapazia yote.

"Hayo yanabaki," akasema dalali. "Zawadi."

Mama Pazia alishika pindo, akalipindua, akaona mshono wa mkono, akafumba macho. Mtu mwingine angejiuliza ni nani anayehama na kuacha mapazia ya bei ile. Yeye alikuwa ameshaingia ndani kwa moyo, ameshakaa.

Ili kuinunua ilibidi waiuze hii yao ya huku kwetu, maana nyingine hawana. Jioni nikasikia ukutani akimweleza mumewe. Alieleza kwa muda mrefu sana. Bwana Fyuzi alipomaliza chai yake akasema neno moja tu.

"Usiache mbachao kwa msala upitao."

"Mbachao wenyewe umetoboka!" akamjibu. "Dada yako anakanyaga zulia, mimi nikae kwenye mbachao mpaka lini?"

Bwana Fyuzi akakata. Ndivyo alivyo. Hakusema ndiyo wala hapana, na kwa Mama Pazia mtu asiyesema hapana amekubali.

Mimi niliumia, niseme ukweli. Kesho yake nikamwuliza, tukiwa tunakunja vitambaa, kwamba akihama mimi nitapiga pasi mapazia ya nani. Akanishika bega kwa huruma.

"Utakuwa unakuja kunitembelea," akasema. "Nitamwambia mlinzi."



Wifi alipopata habari alikuja mbio. Aliegesha gari hapo nje, likaziba njia, wapita njia wakalalamika huku wanacheka, na wawili watatu waliomkumbuka tangu chuoni wakasimama kumsalimia. Aliingia akaketi kwenye kona ya meza ya kukatia kama zamani. Mimi nilikuwa napiga pasi hapo hapo, kwa sababu siku ile umeme wa kwangu ulikuwa umekatika, na nasema hivyo ili msije mkanidhania nilijipeleka.

"Wifi yangu," akaanza, "hebu nisikilize kabla hamjauza. Maji ya kule ni ya kununua. Bomba hutoa siku linapojisikia. Nina tangi la chini na tangi la juu, na pampu ikifa naoga kwa kopo."

"Ehee," akasema Mama Pazia kwa upole, akanitupia jicho ambalo nililielewa vizuri: umesikia, matangi mawili.

"Kuna ada ya mtaa kila mwezi. Uwe nacho, usiwe nacho, watakuja. Ya walinzi, ya taa za barabarani, ya watu wa bustani."

"Ya bustani," akarudia Mama Pazia polepole.

"Na masharti! Kuanika nguo mbele ya nyumba marufuku. Rangi ya ukuta wanakuchagulia. Mgeni akija bila taarifa harudi tena, maana anavyohojiwa pale getini! Halafu biashara nyumbani hairuhusiwi kabisa. Cherehani hii, wifi, siku ya kwanza tu jirani atapiga simu. Utashonea wapi?"

"Kwani wewe unashona?"

"Mimi sishoni."

"Basi."

Wifi akashusha pumzi, akajaribu njia nyingine. Alisema dalali huwapeleka watu Jumapili asubuhi kwa makusudi. Waende siku ya kazi jioni waone foleni ya ile barabara moja ya kupandia, waende siku ya mvua waone bonde la chini linavyojaa mpaka magari yanakwama. Waombe hati waisome wenyewe, wamtafute yule aliyehama wamwulize kilichomtoa. Alisema nyumba kubwa ni mdomo, leo bati, kesho geti la umeme, keshokutwa nyasi. Alikuwa anaongea kwa haraka, na mimi niliyekuwa nyuma ya pasi nilimwamini kila neno.

"Nyumba njema si mlango, wifi," akamalizia. "Fungua uingie ndani."

"Nashukuru sana kwa ushauri," akasema Mama Pazia, na akamsindikiza mpaka garini akimshika mkono.

Aliporudi alikuwa amevimba.

"Umemsikia? Matangi mawili, watu wa bustani, geti la umeme, na kana kwamba hayo hayatoshi, kaja kunisimanga na mlango! Ule mlango wake wa mbao nzito!"

"Ni methali, jirani."

"Methali za nini? Anaogopa nisimfikie. Mtu akishapanda juu huvuta ngazi. Wewe ngazi unaijua, au huijui?"

Niliijua. Nikarudi kwenye pasi.

Mnunuzi alipatikana upesi, mwenye duka la vipuri aliyetaka chumba cha mbele kiwe ghala. Alikuja akapiga hatua kutoka ukuta mpaka ukuta, akagonga ukuta wetu kwa ngumi, akasema huu utavunjwa apanue, na mwenye huo upande mwingine wataelewana naye. Mwenye upande mwingine nilikuwa nimesimama pale. Mama Pazia aliinamisha macho, lakini hakusema hapana. Wakakubaliana siku ya kuweka sahihi.

Siku moja kabla, wifi alipiga simu. Pazia la sebuleni limefumuka, tafadhali aje kidogo. Mama Pazia alifurahi sana. Alivaa gauni la kwenda kanisani, akasema leo anataka amwambie mwenyewe, uso kwa uso, kwamba kuanzia wiki ijayo watakuwa majirani. Tukapanda mchana. Barabara ile moja ilikuwa imeziba, gari halisogei, jasho linatutiririka, na alipoona namtazama akasema ni ajali tu hiyo, haiwi kila siku.

Tulimkuta wifi gizani. Mapazia yamefungwa kama kawaida, televisheni imewashwa bila sauti, mezani sahani moja na kijiko kimoja. Mama Pazia hakuona sahani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kazi yake, akapitisha kidole kwenye ukingo pale mapazia mawili yanapokutana, akasimama.

"Hapa umefanya nini?"

Palikuwa pamechakaa. Sehemu moja tu, kimo cha uso wa mtu, kitambaa kimepauka na kulegea, uzi umeachia, na bitana ina weusi wa vidole. Pengine pote pazia lilikuwa jipya kama siku tulipolitundika.

"Pazia halichakai hivi," akasema Mama Pazia, na sasa alikuwa fundi, amekasirika. "Hili limeshikwa, limeshikwa kila siku. Una paka?"

"Ni mimi," akasema wifi. "Nachungulia."

"Unachungulia nini?"

"Geti. Kutoka hapo unaliona kidogo. Naangalia kama kuna mtu anakuja."

Mama Pazia akacheka, akidhani ni mzaha. "Sasa si ulifungue tu utazame vizuri? Dirisha lote hili!"

"Nikilifungua, yule wa nyumba ya pili ananitazama nikila peke yangu. Anakaa pale kutwa, hata kunipungia mkono hataki. Tangu nihamie hapa sijui sauti yake." Akaketi kwenye mkono wa kochi. "Nimelifumua mwenyewe jana, wifi. Pale uzi ulipokuwa bado umeshika. Nilitaka uje."

Sikujua nitazame wapi. Nikatazama ngazi.

"Nilipougua juzi nilianguka bafuni," akaendelea. "Nikalala sakafuni, nawasikia walinzi wanataniana kule getini. Nikataka kuwapigieni, nikasema mpaka mpite foleni ile nitakuwa nimeshapona au nimeshakufa. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na ile siku nilipokuja kwenu, watu walisimama mlangoni kuniuliza mbona nimekonda! Hapa ningekonda nikatoweka." Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. "Wewe umekaa mlangoni kwako, kila anayepita anakuita kwa jina. Nilikuja kukwambia hivyo, nikaona aibu, nikaishia kukueleza habari za maji. Nakuonea wivu, wifi. Nakuonea wivu mpaka nalala na hasira na wewe."

Sindano ilikuwa mkononi mwa Mama Pazia, imeshatungwa uzi. Ilibaki hewani.

"Unanionea wivu mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi, huyu?"

"Wewe, wifi."

Aliuliza tena mara ya tatu, kama mtu aliyesikia sifa zake kwenye redio na anaomba zirudiwe. Kisha akainama akashona. Alishona vizuri, mshono usioonekana, akakata uzi kwa meno, akakunja futi yake. "Pole, wifi," akasema, akampigapiga mgongoni. "Pole sana. Ndiyo dunia." Tukaondoka. Wifi alitusindikiza mpaka kwenye ule mlango wa mbao nzito, na tulipofika getini nikageuka nikaona pazia limefunguka upana wa uso.

Njiani Mama Pazia alikuwa anaimba chini chini. Foleni ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda, naye akaimba yote hadi mwisho. Mimi sikumwuliza kitu. Nilikuwa nimeshahisi kinachokuja, nami nilikuwa na furaha, maana ukuta wangu ulikuwa unapona.

Tulipofika hakuvua hata gauni. Alifungua mlango wa mtaani mpaka mwisho, akauwekea tofali usirudi, akampigia dalali.

"Nyumba haiuzwi. Nimesema haiuzwi. Mwambie huyo mtu akatafute ghala kwingine."

Dalali alipiga kelele ndani ya simu mpaka mimi nikamsikia. Yeye akaiweka mezani ikabaki inapiga kelele yenyewe, akaketi kwenye cherehani. Mtu akapita akaita, "Mama Pazia, habari za tangu juzi!" Akamjibu kwa sauti ya kusikika mtaa wa tatu, akamwuliza na mkewe, na watoto, na mguu wake unaomsumbua.

Bwana Fyuzi alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake na kikombe cha chai, ndiyo kwanza anaanza kunywa.

"Huuzi?"

"Siuzi."

"Ni maji?"

"Maji gani?"

"Ada, basi. Au hiyo foleni."

"Hayo yote nilishayasikia, hayakunitisha." Akageuka kwenye kiti, uso unang'aa, na akatamka kama mtu anayetangaza mtoto amezaliwa. "Dada yako ananionea wivu."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe! Kwa kinywa chake, huyu hapa shahidi. Kasema ananionea wivu mpaka analala na hasira. Anakaa pale gizani anachungulia geti kama kuna mtu anakuja. Kasema alianguka bafuni, hakuna hata mtu wa kumpa mkono. Analia, baba, machozi haya hapa, eti anautamani mlango wangu. Mimi! Na nyumba yote ile!"

Bwana Fyuzi alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo.

"Alikuwa analia?"

"Sana."

"Mkamwacha?"

Mama Pazia akanigeukia mimi nimsaidie. Nilikuwa nimeshuka mlima ule nikiwaza ukuta.

Bwana Fyuzi aliweka kikombe sakafuni kikiwa kimejaa. Hakuvaa soksi. Aliingiza miguu kwenye viatu bila kufunga kamba, akachukua ufunguo wa pikipiki ukutani, akapita katikati yetu, na tukaisikia pikipiki ikiwaka, ikipiga kona, ikiondoka kwa mwendo ambao hatukuwahi kumsikia nao.

Mama Pazia alibaki ameitazama ile chai, ikitoa moshi hapo sakafuni.

"Mimi nikilia," akasema polepole, "huyu huwa anamaliza chai kwanza."